Usikate Bahasha: Wasomaji wa Kanda ya Ziwa na Maswali ya Stempu na Barua

Safu ya toleo hili tumeiachia posta: stempu za zamani, njia za barua kuvuka ziwa, na vifurushi vinavyokwama forodhani. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Marehemu mzee wetu ameacha kopo la bati limejaa bahasha za zamani. Stempu nyingi zina picha ya jahazi na maandishi Kenya, Uganda na Tanganyika. Jirani ananishauri nizikate stempu zote, niziloweke, niuze. Nifanyeje? — Msomaji, Kirumba, Mwanza

Pole kwa msiba. Mkasi uweke kando kwanza, na jirani mwambie asubiri.

Jahazi hilo liko kwenye ziwa letu hili hili. Stempu zake zilitolewa Mei 1935, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zilipoanza kutumia stempu za pamoja. Picha ya jahazi iliwekwa kwenye stempu ya senti 5 na ya senti 50. Tazama sura ya mfalme pembeni: mwenye ndevu ni George wa Tano, kwa hiyo stempu ni ya toleo la 1935. Asiye na ndevu ni George wa Sita, na hizo zilianza 1938 zikaendelea kuchapishwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Stempu hizi zilichapwa kwa wingi mno, ndiyo maana ile ya senti 5 ikishakatwa kwenye bahasha huwa haifiki hata bei ya soda. Bahasha nzima ni habari nyingine, kwa sababu ina muhuri wenye jina la mji na tarehe, inaonyesha gharama iliyolipwa kwa safari ile, na mara nyingi nyuma yake kuna muhuri wa pili wa ofisi iliyoipokea. Mnunuzi anayejua kazi yake analipia safari, stempu ni sehemu tu ya safari hiyo.

Basi zichambue. Acha nzima kila bahasha ya kabla ya 1950. Kila ya rejista, utaijua kwa mistari ya buluu iliyokatiza na kikaratasi chenye herufi R na namba. Kila ya ndege. Na kila iliyofunguliwa ubavuni kisha ikafungwa upya kwa utepe wa karatasi wenye maandishi ya wakaguzi wa wakati wa vita vya 1939 hadi 1945. Bahasha yenye muhuri wa kituo kidogo, tuseme Nansio, Ngudu au Musoma, nayo iache hata kama imechakaa, kwani ofisi ndogo ziligonga barua chache. Ndani ukikuta barua yenyewe, iache humo humo.

Zinazobaki, yaani za miaka ya karibuni zenye mihuri isiyosomeka, ndizo za kulowekwa. Kata karatasi ukiacha sentimita moja au mbili kuizunguka stempu, usikate karibu na meno. Chukua bakuli pana, tia maji ya uvuguvugu kina cha vidole viwili, weka stempu zisizozidi ishirini kwa mara moja, uso ukitazama juu. Subiri dakika 15 hadi 20. Stempu ikiwa tayari huteleza yenyewe kutoka kwenye karatasi ukiigusa. Ikigoma, irudishe majini, usiibandue: stempu iliyolowa ina nguvu kama karatasi ya chooni, na sehemu inayochanika mara nyingi ni katikati ya uso. Isuuze kwenye bakuli la pili lenye maji safi ili gundi iliyobaki mgongoni itoke, la sivyo itakuja kunasa kwenye albamu. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na chapa, kivulini. Kabla haijakauka kabisa, iweke katikati ya karatasi mbili nyeupe ndani ya kitabu kizito, ilale humo usiku mzima.

Makosa yanayoharibu ni yale yale kila mara. Maji ya moto huchuja wino wa stempu. Bahasha ya rangi, hasa nyekundu na zile za kaki, hutoa rangi yake na kuipaka stempu, kwa hiyo ziloweke peke yake katika maji baridi, au usiziloweke kabisa. Gazeti huacha wino wake mgongoni. Jua hukunja stempu ikawa kama jani kavu. Vidole vina mafuta, tumia kibano chenye ncha bapa. Na stempu za kisasa za kujibandika, zisizolambwa, nyingi hazitoki kwa maji, hizo zikate na karatasi yake ukaziweke hivyo.

Sasa rudi kwenye majahazi yako ukiwa na kioo cha kukuza mara kumi. Kwenye senti 5 ya 1935 tazama kamba inayoelekea kwenye tanga. Kuna stempu ambazo kamba haikufika kwenye tanga, na kuna ambazo imeligusa. Zilizogusa ni chache na bei yake iko juu kuliko wenzake mara kadhaa. Kwenye senti 50 ya George wa Sita mambo ni kinyume: kamba inatakiwa iguse, na adimu ni ile iliyokosa kugusa. Pia hesabu meno. Wakusanyaji huhesabu vitundu vilivyomo katika urefu wa sentimita 2, na toleo la George wa Sita lilibadilishwa meno zaidi ya mara moja miaka ya uchapaji wake, hivyo stempu mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na bei tofauti kabisa. Kama huna kipimo, weka rula na upige picha ya karibu, mnunuzi atakuhesabia.

Kuhusu hela nyingi: usiwe na matumaini makubwa, wala usiuze kopo lote kwa mtu wa kwanza. Piga picha kila bahasha mbele na nyuma, kisha tafuta bei kwa watu wawili au watatu.

Babu yangu alifanya kazi kwa wamisheni hapa Bukoba. Kwenye Biblia yake nimekuta stempu mbili: moja ina meli na maneno ya Kijerumani, nyingine ina mfalme wa Uingereza na herufi G.E.A. zimegongwa juu yake. Zinahusianaje? — Mwana wa Bukoba

Hizo mbili, kaka, ni kabla na baada ya vita moja.

Stempu ya meli ni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na maandishi yake ni DEUTSCH-OSTAFRIKA. Meli yenyewe haikuwahi kuwa ya ziwani, ni Hohenzollern, jahazi la anasa la Kaisari, na picha hiyo hiyo iliwekwa kwenye stempu za makoloni yote ya Ujerumani kuanzia miaka ya 1900. Cha kuangalia ni fedha iliyoandikwa. Kabla ya meli, mwaka 1893, walitumia stempu za kawaida za Ujerumani zilizogongwa neno PESA, kwa sababu hapa watu walihesabu kwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Matoleo ya kwanza ya meli, 1901, nayo yana pesa. Mwaka 1905 wakahamia hela, yaani HELLER kama ilivyoandikwa kwenye stempu, hela 100 kwa rupia moja. Kwa hiyo stempu ya meli yenye pesa ni ya zamani kuliko yenye hela. Kati ya zile za hela, inua stempu uielekeze kwenye mwanga: zilizochapwa baadaye zina alama ya maji ya vimiraba vilivyolala mshazari, za mwanzo hazina. Muhuri ukisoma MUANSA au MUANZA, ni Mwanza hii hii, ndivyo Wajerumani walivyoiandika.

Waingereza waliivamia Bukoba Juni 1915 na kuichukua Mwanza Julai 1916. Jeshi linapoteka nchi, posta huwa haisubiri mtu achore stempu mpya. Walichukua stempu zilizokuwa zikitumika Kenya na Uganda, zenye sura ya George wa Tano, wakazigonga G.E.A., kifupi cha German East Africa, jina la nchi kwa Kiingereza wakati wa Mjerumani. Zikaanza kutumika 1917, na zikadumu mpaka 1922 zilipotoka stempu za kwanza zenye jina Tanganyika, zile za kichwa cha twiga. Ndiyo kusema kwa miaka mitano hivi nchi ilitawaliwa na Mwingereza lakini barua zake ziliendelea kubeba jina la Mjerumani.

Tahadhari moja. Maandishi yanayogongwa juu ya stempu ndiyo rahisi kuliko vyote kughushi, kwa sababu stempu ya chini ni halali na ya bei ndogo. Tazama kwa kioo kama wino wa G.E.A. uko juu au chini ya wino wa muhuri. Muhuri wa posta unatakiwa uwe juu ya herufi. Herufi zikiwa zimeufunika muhuri, basi zilipigwa baada ya barua kusafiri, na hiyo ni kazi ya mjanja.

Stempu za Kijerumani usiziloweke bila kumwonyesha mtu. Zikiwa bado na kipande cha bahasha chenye muhuri kamili, kipande hicho kina thamani.

Shikamooni. Hapa Nansio wazee husema zamani barua za Ulaya zilikuja kwa meli, wengine wanasema kwa ndege ya majini, wengine kwa matarishi wa miguu. Nani yuko sahihi? — Mwalimu mstaafu, Ukerewe

Marahaba, Mwalimu. Wote wako sahihi, kila mmoja na wakati wake.

Matarishi ndio walioanza. Barua ilitoka pwani ikifuata njia ya misafara hadi Tabora, halafu ikapanda kaskazini kuja Mwanza, ikipokezanwa kituo kwa kituo mabegani mwa watu.

Hali ilibadilika Desemba 1901 reli ya Uganda ilipofika Kisumu. Ziwani tayari kulikuwa na William Mackinnon, meli ndogo iliyotengenezwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande kutoka Mombasa, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Kuanzia hapo njia fupi ya barua kutoka Mwanza au Bukoba kwenda Ulaya ilipitia nchi ya Mwingereza: meli hadi Kisumu, treni hadi Mombasa, meli ya bahari. Wajerumani wenyewe waliitumia, ingawa haikuwapendeza kutegemea reli ya jirani. Vita vilipoanza 1914 njia hiyo ikafungwa kwao.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Tangu hapo mifuko ya barua ya Dar es Salaam ikaacha kuzungukia Mombasa.

Ndege ya majini si hadithi. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Si Nairobi, si Dar es Salaam: Mwanza. Safari ilikwenda kwa vipande, ndege ya nchi kavu hapa, treni pale, na kipande cha kutoka Khartoum kuja ziwani kilifanywa na ndege aina ya Short Calcutta zilizotua juu ya maji. Lakini fahari hiyo ilidumu chini ya mwaka. Januari 1932 njia iliporefushwa hadi Cape Town, ndege zikawa zinapita Kisumu, Nairobi, Moshi na Dodoma, Mwanza ikaachwa pembeni. Kwa sababu muda ulikuwa mfupi hivyo, bahasha ya ndege yenye muhuri wa Mwanza wa 1931 ni kitu cha kutafutwa kweli kweli. Ukisikia kuna mzee anayo huko Ukara au Irugwa, mwambie aihifadhi mbali na moshi wa jikoni.

Na ile Victoria ya Bukoba, ilipoanza kazi 1961 jina lake lilitanguliwa na herufi R.M.V., yaani meli ya barua za kifalme. Vipande vyake vilitengenezwa Uskoti na Yarrow, vikaunganishwa Kisumu. Baadaye ikawa M.V. tu.

Ninafuatilia barua ya rejista kwenye mtandao, naambiwa namba si sahihi. Karani aliniandikia kwa mkono. Nitajuaje kosa liko wapi? — Sengerema

Namba ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, kwetu TZ. Herufi ya kwanza inaeleza huduma: R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka), C ni kifurushi. Ikianza na U, hiyo ni namba ya forodha tu, na kwa kawaida haifuatiliwi hatua kwa hatua, usijisumbue nayo.

Tarakimu ya tisa ni ya kukagua nane zilizotangulia, na unaweza kuihakiki kwa kalamu. Zidisha tarakimu nane za mwanzo, moja moja kwa mpangilio, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumlisha. Gawa kwa 11, chukua baki, litoe katika 11. Jibu ndiyo tarakimu ya tisa. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.

Tuchukue mfano wa kubuni, RR 102435762 TZ. 1×8 ni 8. 0×6 ni 0. 2×4 ni 8. 4×2 ni 8. 3×3 ni 9. 5×5 ni 25. 7×9 ni 63. 6×7 ni 42. Jumla 163. Ukigawa kwa 11 linabaki 9. Toa 9 katika 11, unapata 2, na tarakimu ya mwisho ni 2. Namba imekaa sawa.

Yako ikikataa, anza na wanaofanana kwa mwandiko: 1 na 7, 4 na 9, 5 na 6, 0 iliyoandikwa kama herufi O. Badilisha moja, hesabu tena. Ikikubali, ijaribu mtandaoni. Siku nyingine omba risiti yenye kibandiko cha namba iliyochapwa, ni haki yako. Na namba ikiwa sahihi lakini haionyeshi kitu, ngoja: huonekana baada ya ofisi ya kwanza kuisoma kwa mashine.

Kwa nini stempu za Uingereza hazina jina la nchi? Na kabla ya stempu watu walilipaje? — Mwanafunzi, Bwiru

Kwa sababu wao ndio walioanza, na wakati huo hapakuwa na haja ya kujitofautisha na mtu. Badala ya jina huweka sura ya mfalme au malkia.

Kabla ya hapo mpokeaji ndiye aliyelipa, na gharama ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Mtu aliweza kuitazama barua, akasoma alama fulani nje, akajua mambo ni salama, kisha akaikataa bila kulipa. Posta imeshaibeba bure. Rowland Hill aliandika mapendekezo yake 1837: mtumaji alipe mapema, bei iwe moja nchi nzima kwa uzito. Bei ya peni moja ilianza 10 Januari 1840, na stempu nyeusi ya peni moja yenye sura ya Malkia Victoria ikaanza kutumika rasmi 6 Mei mwaka huo. Shiti moja ilikuwa na stempu 240, safu 20 za stempu 12, kwa kuwa pauni moja ilikuwa peni 240, hivyo karani aliweza kuhesabu fedha kwa kuhesabu mashiti.

Ikaonekana kasoro. Muhuri wa mwanzo ulikuwa mwekundu, haukuonekana vizuri juu ya weusi na watu waliufuta wakatumia stempu tena. Mwaka 1841 stempu ikageuzwa kuwa nyekundu na muhuri ukawa mweusi. Wala hazikuwa na meno. Makarani walizikata kwa mkasi mpaka mashine ya kutoboa, wazo la Henry Archer, ilipoanza kutumika rasmi 1854. Kuhusu barua kuvuka mipaka bila kila nchi kudai malipo yake, hilo lilitatuliwa na mkataba wa Bern wa 1874 ulioanzisha umoja wa posta duniani.

Nasuka vikapu vya ukindu, nina wateja Ujerumani. Kifurushi kimoja kilirudi, kingine mteja alitozwa ushuru akakasirika. Nakosea wapi, ndugu zangu? — Mama wa vikapu, Musoma

Dada, mara nyingi tatizo huwa kwenye fomu kuliko kwenye vikapu.

Anza na uzito. Kifurushi kidogo kinachosafiri kama barua mwisho wake ni kilo 2, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, upande mmoja usipite 60. Vikapu viwili vinavyoingiana huingia humo vizuri. Ukizidisha, kinahamia daraja la vifurushi, bei nyingine na fomu nyingine. Pima nyumbani boksi likiwa limeshafungwa na gundi yake, maana boksi na karatasi peke yake vinaweza kula robo kilo.

Fomu ni CN22 kwa thamani ya hadi SDR 300, ambacho ni kipimo cha fedha cha kimataifa. Karani atakupa ulingano wa siku hiyo. Zaidi ya hapo ni CN23. Usiandike «zawadi» wala «bidhaa» ukanyamaza. Andika kwa Kiingereza kitu chenyewe, idadi, kimetengenezwa na nini, uzito na thamani: vikapu viwili vya mkono vya ukindu, kilo 0.8, euro kadhaa. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2021 zinataka taarifa hizo ziwatangulie kwa njia ya elektroniki, kwa hiyo hakikisha karani ameziingiza kwenye kompyuta, karatasi peke yake haitoshi. Weka na simu ya mpokeaji.

Ushuru: zawadi halisi kati ya mtu na mtu, ya thamani isiyozidi euro 45, huingia Ujerumani bila kodi. Mauzo si zawadi. Tangu Julai 2021 msamaha wa kodi kwa bidhaa ndogo ndogo zilizonunuliwa umefutwa Ulaya, kwa hiyo mteja wako atatozwa hata kwa kikapu kimoja. Mweleze kabla hajalipa. Kuandika zawadi kwenye mzigo uliouzwa ni udanganyifu, na forodha wakikuta risiti ndani wanazuia.

Ukindu ni mmea. Vikapu viwe vikavu kabisa, bila mdudu wala mchanga wa ziwani. Usisindikize na nyama wala maziwa ya aina yoyote, yanazuiwa. Betri za lithiamu zilizo peke yake na manukato yenye spiriti visiingie.

Kufunga: boksi jipya, karatasi zilizokunjwa zijaze nafasi mpaka ukilitikisa lisitoe sauti, gundi pana ipite kwenye maungio yote juu na chini. Anwani ya pili iwe ndani ya boksi. Kifurushi kilichopoteza kibandiko cha nje hufunguliwa, na hiyo karatasi ya ndani ndiyo hukifikisha.

Niandike S.L.P. au postikodi? — Igoma

Vyote. Barua nyingi nchini bado huishia kwenye sanduku, kwa hiyo jina, S.L.P. na mji ndiyo moyo wa anwani. Kama sanduku ni la mtu mwingine au la shule, andika «kwa mkono wa» na jina la mwenye sanduku, la sivyo mwenye ufunguo atairudisha. Postikodi ina tarakimu tano: za mkoa wa Mwanza zinaanza na 33, Kagera 35, Mara 31. Kama barua inatakiwa ifike nyumbani, ongeza namba ya nyumba, barabara au mtaa, na kata.

Stempu ikae juu kulia, na sentimita 4 za juu ya bahasha ziachwe wazi kwa ajili ya muhuri. Usiifunike stempu kwa gundi ya karatasi ya plastiki. Muhuri haushiki juu yake, na barua inaweza kuhesabiwa kama haikulipiwa.

Stempu zangu mpya, ambazo hazijatumika, zimegandana kwenye albamu, na nyingine zina madoa ya kahawia. Nyumba iko karibu na maji. — Kisumu

Unyevu, bila shaka. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, weka sponji iliyolowa na kukamuliwa chini, juu yake wavu, juu ya wavu hizo stempu zilizogandana. Funika. Kagua kila baada ya saa chache. Ndani ya saa 12 hadi 24 gundi huwa imelainika na zinaachana kwa kibano. Zilaze kifudifudi zikauke. Gundi itapoteza mng'ao wake na bei itashuka kidogo, lakini ukizilowesha majini gundi yote itapotea.

Madoa ya kahawia ni ukungu, na unaambukiza. Zenye madoa zitoe kwenye albamu leo hii, uziweke mbali. Dawa za kuyang'arisha hula karatasi na rangi, usizitumie kwenye kitu cha thamani. Albamu isimame wima kama kitabu rafuni, isilazwe wala kubanwa na vitabu vingine, na rafu isigusane na ukuta wa nje. Tupia pakiti za chembe za kunyonya unyevu, zile zinazokuja na viatu vipya, na uzikaushe juani kila zikilemewa. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali iepuke, hutoa mafuta yanayoingia kwenye wino.

Nina shiti nzima ya stempu safi za Uganda, Kenya na Tanzania za miaka ya 1970. Naweza kuzibandika kwenye barua? — Magu

Hapana. Posta ya pamoja ilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na stempu zake hazilipii barua leo katika nchi yoyote kati ya hizo tatu. Lakini shiti ikiwa na kingo zake zote na namba za pembeni usiigawe. Iuze ikiwa nzima.